Gia boksi ya otomatiki kukwama gia ya tatu: kompyuta yake iliona nini?

Msomaji mmoja ameuliza: "Gari langu ni la otomatiki. Nikipanda mlima mrefu, baada ya muda linakataa kubadili gia, linabaki gia ya tatu, linakuwa zito na taa ya injini inawaka. Nikizima na kuwasha linarudi kawaida, pengine kwa siku kadhaa. Fundi wa kwanza anasema gia boksi imekufa, nitafute nyingine. Wa pili anasema kompyuta ndiyo mbovu. Nimsikilize nani? Na hiyo kompyuta inailinda gia boksi au inaiharibu?"

Ndugu msomaji, usimlipe yeyote kati yao kwanza. Gia boksi iliyokufa haifufuki kwa kuzima swichi. Sahani za klachi zikishaungua zimeungua, na hata ungewasha gari mara ngapi zingeendelea kuteleza. Kinachofutika unapozima na kuwasha ni uamuzi. Kompyuta ya gia boksi iliona jambo ambalo haikuliamini, ikaiweka gia boksi mahali ilipopaona salama, na ulipozima gari ikaanza upya bila uamuzi ule. Lakini hilo pekee halithibitishi kwamba kompyuta ni mbovu. Kwa uwezekano mkubwa ilikuwa inafanya kazi yake. Swali la kuwauliza mafundi wako wote wawili ni moja: pale mlimani, iliona nini?

Ili uweze kufuatana nao wanapojibu, inafaa ujue kompyuta hiyo inatazama wapi na inashika nini.

Gia boksi za otomatiki ziliishi miongo mingi bila kompyuta. Hydra-Matic ya General Motors, iliyoingia sokoni kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, iliamua kila kitu kwa presha ya oili. Presha moja ilipanda kadiri gari lilivyokwenda kasi, nyingine ilipanda kadiri dereva alivyokanyaga mafuta, na zilipokutana kwenye valvu, iliyoizidi nyenzake ndiyo iliyochagua gia. Ulikuwa mfumo imara, lakini haukuwa na macho. Haukujua joto la oili, haukujua kama klachi imeshika au inateleza, na haukuweza kuiomba injini ipunguze nguvu hata kidogo. Kompyuta ndogo zilipoanza kuenea kwenye gia boksi katika miaka ya 1980, hayo matatu ndiyo zilikuja nayo.

Ndani ya gia boksi bado kazi ni ile ile: pampu inasukuma oili, oili inasukuma pistoni, pistoni inabana sahani za klachi, na klachi zilizobanwa ndizo zinazoamua gia. Kilichobadilika ni nani anayezifungua njia za oili. Juu ya bodi ya valvu, yaani kipande cha chuma chenye njia na valvu za oili, kumefungwa solenoidi, yaani koili za umeme zinazovuta au kuachia valvu ndogo. Nyingine ni za kufungua na kufunga tu. Nyingine hupewa umeme wa kukatwakatwa mara nyingi kwa sekunde, na kwa kuongeza au kupunguza umeme huo kompyuta hupata presha yoyote inayoitaka katikati ya ndogo na kubwa. Kuna ya kupangia presha kuu ya gia boksi nzima, kuna za klachi moja moja, na kuna ya klachi inayofunga toki konveta, yaani kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi kwa oili, ili injini na gia boksi zizunguke kama kitu kimoja. Kompyuta yenyewe huweza kuwa chini ya dashibodi, karibu na injini, au ndani kabisa ya gia boksi ikiogelea kwenye oili, kama ilivyo kwenye ZF 6HP26 iliyoingia na BMW 7 Series ya mwaka 2001.

Macho yake ni sensa. Mbili ni za msingi kuliko zote: moja inahesabu mzunguko wa shafti inayoingia kwenye gia boksi kutoka toki konveta, nyingine inahesabu mzunguko wa shafti inayotoka kwenda magurudumuni. Ya tatu inapima joto la oili. Kuna swichi inayoiambia leva iko P, R, N au D, kuna swichi ya breki, na kwenye gia boksi kadhaa kuna swichi za presha. Mengine inaletewa na kompyuta ya injini kupitia nyaya mbili za mtandao wa CAN, ambao kampuni ya Bosch iliutambulisha mwaka 1986: umekanyaga mafuta kiasi gani, injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, na inatoa nguvu kiasi gani ya kuzungusha. Sensa za ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, nazo huchangia kasi ya kila gurudumu.

Sasa tazama inavyotumia hayo yote kwenye jambo moja linalotokea mara nyingi kwa safari bila wewe kulihisi: kutoka gia ya pili kwenda ya tatu.

Kwenye gia boksi nyingi za sasa, mabadiliko hayo ni klachi moja kuachia huku nyingine ikishika. Kompyuta huanza kwa kujaza oili kwenye klachi itakayoshika, kwa presha ndogo, ili pistoni iondoe nafasi iliyopo na iziguse sahani bila kuzibana. Hilo huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde. Kisha inaachia presha ya klachi ya zamani huku ikipandisha ya klachi mpya, na mzigo wa gari unahama kutoka hii kwenda ile. Mwisho injini yenyewe inatakiwa ishuke mizunguko ili ilingane na gia mpya, na hapo ndipo kompyuta ya gia boksi inapotuma ombi kwa kompyuta ya injini: punguza nguvu. Injini inachelewesha cheche kwa muda mfupi mno, nguvu inashuka, klachi inamaliza kushika bila kusuguana sana, nguvu inarudi. Yote haya huisha kwa takriban nusu sekunde.

Klachi ya zamani ikiachia mapema, kwa muda hakuna iliyoshika, na utasikia injini ikiruka mizunguko kabla gia haijaingia. Ikichelewa kuachia, klachi mbili zinang'ang'aniana na gari linashtuka kana kwamba limegusa breki. Makosa yote mawili hula sahani. Ile nusu sekunde ndiyo inayoamua umri wa gia boksi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua, na hakuna mfumo wa oili mtupu uliowahi kuipanga kwa umakini huo.

Kisha inajipima. Baada ya kila badiliko kompyuta hutazama muda uliotumika na jinsi mizunguko ilivyoshuka, na ikiona klachi ilichelewa kushika inaongeza kidogo muda wa kujaza au presha kwa ajili ya safari ijayo. Marekebisho hayo inayahifadhi kwenye kumbukumbu. Sahani zinavyopungua unene kwa miaka, pistoni ina safari ndefu zaidi ya kwenda, na kompyuta inaifidia safari hiyo bila wewe kujua. Ni jambo zuri, lakini lina upande wa pili ambao wenye magari wengi hawaambiwi: kompyuta hiyo hiyo inakuficha uchakavu. Imewekewa kikomo cha kufidia. Siku ikifika kikomoni, gari lililokuwa laini jana linaanza kugonga au kuteleza leo, na mwenye gari ataapa kwamba limeharibika ghafla. Fundi mwenye skana nzuri, yaani kifaa cha kusomea kompyuta za gari, anaweza kuzisoma namba hizo za marekebisho miezi kadhaa kabla ya siku hiyo. Mwombe azisome.

Nije kwenye ulinzi, maana hapo ndipo ulipo ugonjwa wa gari lako.

Ulinzi mkuu ni hesabu rahisi. Kila gia ina uwiano wake, na kompyuta inaujua. Tuseme gia ya tatu ina uwiano wa 1.5. Shafti ya kutoka ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ya kuingia lazima izunguke 3,000, kwa sababu ni meno na chuma. Ikiona 3,000, klachi imeshika. Ikiona 3,200, hesabu haikubali, na maelezo yako mawili tu: ama klachi inateleza kwa mizunguko 200, ama sensa mojawapo inadanganya. Kompyuta inaweza kuongeza presha kwanza. Tofauti ikiendelea kwa muda uliopangwa, inaandika msimbo wa hitilafu na kuacha kubadilisha gia, kwa sababu klachi inayoteleza chini ya mzigo wa mlima huungua kwa muda mfupi sana na unga wake huingia kwenye valvu zote.

Hapo gari linaingia hali ya dharura, ndiyo hiyo unayoiona. Kompyuta inakata umeme wa solenoidi na kuiacha gia boksi ifanye kile ambacho bodi ya valvu imechongwa kufanya bila umeme. Wahandisi walichagua kwa makusudi. Kwenye gia boksi nyingi matokeo ni gia moja ya katikati, mara nyingi ya tatu, kwa kuwa ina nguvu ya kutosha kuliondoa gari mahali lilipo na wakati huo huo haiivurugi injini kwenye mwendo wa wastani. R kwa kawaida inabaki, maana leva yenyewe ndiyo inayosukuma valvu yake. Solenoidi ya presha kuu kwenye miundo mingi imepangwa hivi: ikikosa umeme, presha inapanda hadi juu kabisa. Ndiyo maana ukiingiza D au R ukiwa katika hali hiyo unasikia kishindo. Kishindo kile kinaudhi, lakini ndicho kinachozibana klachi zisiteleze wakati unajikokota kwenda kwa fundi. Mtu anayekata waya au kuchomoa plagi ili "kuiondoa kompyuta njiani" anaipeleka gia boksi kwenye hali hii hii.

Ulinzi wa pili ni wa joto. Oili ya gia boksi nyingi huwa imetulia kati ya nyuzi 80 na 100 hivi za Selsiasi. Ikivuka 120 na kuelekea 130, oili inaanza kuzeeka haraka, sili za mpira zinakakamaa, na mabaki yanaganda kwenye valvu. Chanzo kikubwa cha joto ni toki konveta. Isipofungwa, upande wa injini unazunguka haraka kuliko upande wa gia boksi, na nguvu inayopotea katika tofauti hiyo inageuka kuwa joto ndani ya oili. Mlima mrefu, mwendo mdogo, mafuta yamekanyagwa sana: hayo ndiyo mazingira ambayo toki konveta haifungwi na oili inachemka. Kompyuta ikiona joto linapanda, hufunga toki konveta mapema zaidi, au husogeza mwendo wa kubadilishia gia, au huiomba injini ipunguze nguvu, kutegemea ilivyoandikiwa. Asubuhi yenye baridi hufanya kinyume: hukataa kufunga toki konveta na hukataa gia ya juu kabisa mpaka oili ipate joto. Watu wengi hudhani huo ni ugonjwa.

Ulinzi wa tatu ni dhidi ya mkono wa dereva, na huu niupite haraka. Ukisukuma leva kwenda R gari likiwa linakimbia mbele, kompyuta nyingi hazifungi klachi ya kurudi nyuma mpaka mwendo ushuke. Ukilazimisha gia ya kwanza kwenye mwendo wa barabara kuu, inakataa kwa sababu imepiga hesabu na kuona injini itazunguka kupita kikomo chake. Leva haitoki P bila kukanyaga breki, na injini haiwaki nje ya P na N.

Kuna mambo haioni, na hayo ndiyo yanayoua gia boksi huku kompyuta ikiwa nzima. Kwa kawaida haina sensa ya kiwango cha oili. Haijui kama oili ni ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji au ni ya aina nyingine iliyofanana rangi tu. Haijui kama filta imeziba, ila itaona matokeo. Gari likiburutwa injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayosukuma gari yakiwa chini, pampu haizungushwi, vyuma vinazunguka bila kulainishwa, na kompyuta haina la kufanya. Na ikipewa umeme dhaifu, yenyewe inayumba. Betri iliyochoka, altaneta mbovu au waya wa bodi wenye kutu huweza kuleta misimbo ya solenoidi ambazo hazina kosa lolote. Ningependa kila fundi aanze na volti kabla hajafungua boliti hata moja.

Turudi kwenye mlima wako. Dalili zako zinaelekea sehemu nne, na nitakupa kwa mpangilio ambao mimi ningezitafuta.

Ya kwanza ni oili. Ikiwa pungufu, gari likiinuka mbele oili inakimbilia nyuma ya sampu, yaani beseni la oili chini ya gia boksi, na pampu inaanza kunyonya hewa pamoja na oili. Oili yenye mapovu inabonyea, presha inashuka, klachi inateleza, hesabu ya uwiano inakataa, na kompyuta inakimbilia gia ya tatu. Ukisimama na kuzima, oili inarudi mahali pake, mapovu yanatoka, na gari "linapona." Unaona inavyofanana na hadithi yako. Ikizidi kiwango nayo inaleta mapovu, kwa kuwa vyuma vinavyozunguka vinaipiga. Kiwango hupimwa kwa utaratibu wa mtengenezaji pekee: gia boksi zisizo na kijiti hupimwa injini ikiwaka, gari likiwa limesawazika, na oili ikiwa kwenye joto lililotajwa, mara nyingi karibu na nyuzi 35 hadi 45. Anayefungua bomba la kupimia huku gari likiwa la baridi na limezimwa hajapima kitu. Pungufu ikithibitika, tafuta inapovujia, maana oili hii haitumiki ikaisha kama petroli. Chungulia pia radieta: pale oili inapopozwa ndani yake, ufa mdogo unaweza kuchanganya oili na maji, na mchanganyiko huo wa rangi ya maziwa huziharibu klachi upesi.

Ya pili ni umeme unaokatika kwa joto. Koili ya solenoidi au ya sensa yenye ufa mdogo hushika ikiwa ya baridi na kuachana ikipata moto. Baada ya kusimama na kupoa inashika tena. Hapa kipimo kimoja cha baridi hakikusaidii, na ndicho wengi wanachofanya. Upinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo solenoidi yenye omu 12 kwenye nyuzi 20 inatarajiwa kuonyesha karibu omu 16 kwenye nyuzi 100, na hiyo ni afya. Ikionyesha namba inayorukaruka, au ikakatika kabisa, umeipata. Fundi aangalie pia plagi kubwa ya gia boksi: oili inayopenya kwenye pini husafiri ndani ya waya na inaweza kufika hadi kwenye kompyuta yenyewe.

Ya tatu ni klachi inayoteleza kweli kwa uchakavu, na ya nne ni bodi ya valvu yenye valvu iliyokwama au tundu lililopanuka hadi presha inavuja. Hizi mbili ndizo ambazo fundi wako wa kwanza alizirukia bila kupita kwenye zile za mwanzo. Anaweza kuwa sahihi, lakini bado hajaonyesha ushahidi.

Ushahidi uko kwenye skana, na hapa naomba uwe mkali. Skana ndogo inayosoma injini tu itakupa P0700, na baadhi ya mafundi husimama hapo. P0700 inasema jambo moja: kompyuta ya gia boksi ina hitilafu iliyoiandika kwake. Isomwe yenyewe. P0715 inahusu sensa ya mzunguko wa kuingia, P0720 ya kutoka. P0731 hadi P0735 zinasema uwiano wa gia ya kwanza hadi ya tano haukukubali. P0741 inahusu klachi ya toki konveta isiyofunga vizuri, P0748 ni umeme wa solenoidi ya presha, P0750 na za jirani yake ni solenoidi za kubadilishia gia. P0218 ni oili iliyopita joto, na P0562 ni volti zilizoshuka. Pamoja na msimbo, kompyuta nyingi huhifadhi hali ilivyokuwa wakati ule: mwendo, mizunguko, joto la oili, mafuta yalivyokanyagwa. Kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kufuta, piga picha ya kioo cha skana. Kufuta kwanza ni kutupa shahidi pekee aliyekuwapo mlimani.

Kisha gari liendeshwe mlimani skana ikiwa imechomekwa na inarekodi. Jambo la kutazama ni umbo la tofauti kati ya mzunguko wa kuingia na wa kutoka. Sensa au waya ukikatika, namba inaanguka hadi sifuri mara moja huku gari likiendelea kwenda. Shafti nzito ya chuma haiwezi kusimama hivyo, kwa hiyo hapo unajua ni umeme. Klachi ikiteleza kweli, tofauti inakua pole pole, inaongezeka ukikanyaga mafuta na kupungua ukiachia. Kwa jambo hili moja, sehemu kubwa ya ubishi kati ya mafundi wako wawili itaisha kabla hawajafungua chochote mezani.

Ikionekana ni kuteleza kweli, kipimo kinachofuata ni geji ya presha kwenye tundu lake la gia boksi. Kompyuta ikiagiza presha ipande na geji ikakataa, huku oili ikiwa sawa na solenoidi zikiwa na umeme mzuri, tatizo liko kwenye pampu, filta au bodi ya valvu. Presha ikiwa safi na klachi bado zinateleza, klachi zenyewe zimeisha, na sampu ikifunguliwa utakuta unga mweusi mwingi na oili inayonuka kuungua. Hapo ndipo maneno ya fundi wa kwanza yanapopata miguu, na hata hapo, kufungua na kubadilisha klachi na sili ni njia ya kulinganisha na kununua gia boksi iliyotumika ambayo historia yake huijui.

Kompyuta iwe ya mwisho kushukiwa. Huharibika, hasa kwa maji, kwa oili iliyopenya kwenye plagi, au kwa mtu aliyechomelea chuma bila kutoa betri, lakini ni mara chache ukilinganisha na nyaya na sensa zinazoilisha habari. Tena haibadilishwi kama balbu. Programu yake lazima ilingane na gari na injini yako, na ile iliyotoka kwenye gari jingine huja na kumbukumbu za klachi za gari hilo.

Mpaka ufike kwa fundi, tafadhali acha kuzima na kuwasha ili uendelee kupanda. Najua inashawishi, kwa sababu gari linarudisha nguvu. Lakini kama chanzo ni kuteleza au joto, kila unapofuta uamuzi wa kompyuta unazirudisha klachi kwenye mzigo ule ule zikiwa zimeshachemka. Likiingia gia ya tatu, toka barabarani mahali salama, funga breki ya mkono, weka N, acha injini iwake bila kukanyaga mafuta kwa dakika kadhaa ili pampu izungushe oili kwenye kipoza. Kama sindano ya joto la injini nayo imepanda hadi juu, basi zima. Kisha endelea taratibu hadi mahali pa kupumzikia. Siku ukiujua mlima uko mbele, chagua mwenyewe gia ya chini kwa leva kabla hujaanza kupanda, au zima overdraivu, yaani gia ya juu kabisa, kama gari lako lina kitufe chake. Injini itapiga kelele zaidi, ila gia boksi haitahangaika kati ya gia mbili, na pampu itasukuma oili nyingi zaidi kwenye kipoza. Likikwama kabisa, lipandishwe juu ya gari la kubebea, lisiburutwe.

Kuhusu magari ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua bali mkanda na puli, kwa kuwa huenda lako ni la aina hiyo na "gia ya tatu" ikawa ni hisia tu: humo kompyuta inalinda mkanda wa chuma kwa kuzibana puli zake kwa presha, na mkanda ukiteleza mara chache tu hukwaruza puli kwa kudumu. Kwa hizo oili sahihi ni jambo la lazima zaidi, na kipimo cha kuteleza ni hicho hicho cha mizunguko ya kuingia na kutoka.

Matengenezo yakiisha, yawe ya oili, solenoidi, bodi ya valvu au klachi, mwambie fundi afute marekebisho ya zamani na kuipa kompyuta utaratibu wa kujifunza upya kama mtengenezaji alivyoelekeza. Bila hivyo itaendelea kuzifidia klachi mpya kwa uchakavu wa zile za zamani, na gari litagonga kwenye kila gia. Baada ya hapo endesha kwa kukanyaga mafuta kiasi cha wastani, gia zote zipande na kushuka mara kadhaa oili ikiwa na joto lake la kawaida, kisha fundi asome tena namba za marekebisho na misimbo kabla hujamaliza kumlipa.